Kadi Inayolala Kiunoni kwa Mama

"Tunaenda Phoenix ama hatuendi?"

Lois aliuliza akiwa ameshika mwiko. Mwanamke wa Nyeri akikuuliza swali na mwiko mkononi, ujue majibu marefu hayatakiwi. Callixte Byamungu akaitazama sufuria ya sukuma wiki kana kwamba jibu lake lilikuwa linaivia humo.

"Tunaenda, chérie. Lakini lile jua la kule..."

"Jua limekufanya nini?"

"Linanidhuru. Ngozi."

"Callixte! Umezaliwa Uvira, ukalelewa kambini Kigoma. Leo ndiyo ngozi yako imekumbuka kuna jua?"

Ilikuwa mwisho wa Juni, mwaka 2010, katika jiko dogo la Lois pale Crystal, kitongoji cha Minneapolis. Wawili hawa walikuwa wamependana miaka miwili, na sasa kilichobaki kilikuwa kimoja: Callixte kwenda kupiga hodi kwa Uncle Gitonga. Baba yake Lois alishafariki, na Gitonga, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesimama badala yake. Huyo mzee alikuwa ameihama Minnesota baada ya magoti yake kugombana na theluji, akaenda kukaa Phoenix. Na alikuwa ameshasema: anayemtaka binti anakuja mlangoni kwa wenye binti, habari za kuposa kwa simu hazitambui. Mbuzi alishanunuliwa.

Sasa mwaka huohuo ndipo jimbo la Arizona likatunga sheria yake. Ilitiwa saini Aprili na ilikuwa ianze kazi mwishoni mwa Julai. Mgeni akikutwa bila karatasi zake za uhamiaji, hilo ni kosa la jinai la jimbo lenyewe, na polisi aliyekusimamisha kwa jambo lingine akikutilia shaka, anakuuliza. Katika makanisa yote ya Waafrika pale Minneapolis hakukuwa na mazungumzo mengine.

"Uncle amesema kila mtu abebe kadi yake," Lois aliendelea. "Mimi nabeba passport yangu ya Marekani. Wewe green card yako iko, si ndiyo?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi twende tuiangalie kama haija-expire."

"Leo hapana. Nyumbani wanapaka rangi."

"Juzi ulisema wanapuliza dawa ya mende."

"Njo hivyo. Walipuliza, sasa wanapaka rangi juu ya mende."

Lois akarudi kwenye sukuma wiki zake, akizikoroga kwa hasira ambayo mboga hazikustahili.

Kadi ilikuwepo, tena halali kabisa. Shida ni kwamba ililala kiunoni kwa mama yake.

Mama Générose alikuwa na mfuko wa kitenge alioushona kwa mkono, wenye kamba mbili, ambao aliufunga chini ya kikwembe chake usiku na mchana. Humo ndimo zilimokaa karatasi za familia nzima. Kadi zilipoletwa na posta, mama alifungua bahasha, akamruhusu kila mtoto aitazame picha yake kidogo, kisha akazirudisha zote mfukoni. Callixte alipokwenda kutafuta leseni ya udereva, mama aliketi naye pale dirishani, akamkabidhi karani ile kadi kwa mkono wake, na akauacha mkono umenyooka vilevile mpaka aliporudishiwa. Karani alidhani anaombwa kusalimiana.

Jioni hiyo Callixte alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi.

"Mama, ninaomba kadi yangu."

"Ya kufanya nini, papa?" mama akauliza, kwa jina hilo la mapenzi analomwita mwanawe.

"Ya kusafiri. Tunaenda Arizona, kwa baba mkubwa ya Lois."

Mama Générose akaweka kisu chini. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo: watu ni batu, ndiyo ni njo.

"Arizona? Kule banakamata batu juu ya karatasi?"

"Wanakamata wale hawana karatasi, mama. Mimi niko nayo."

"Uko nayo wapi? Niko nayo miye."

"Njo maana ninaiomba!"

"Sikia, papa. Kama kule banatafuta karatasi, weye njo utabapelekea? Bakiikamata bakaitia mu mufuko yabo, weye utabaki na nini?"

"Mama, wale ni polisi."

"Na bale ba barrière ya Kamanyola, balisema beko banani? Balisema beko polisi."

Callixte akakiacha kile kizuizi cha barabarani cha kule Kongo. Alijaribu njia ya pili, dada yake mdogo Héritière, ambaye ana miaka kumi na saba na hujibu kila kitu kwa Kiingereza.

"Don't even try, bro," Héritière alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Hata kuoga anaenda nayo. Anaitia kwa plastiki."

Siku mbili baadaye Lois alipiga simu, na nyuma yake ilisikika sauti ya Natasha, msichana wa Kikenya aliyepanga naye nyumba. Natasha hana mchumba, ila ana maoni juu ya wachumba wa watu wote.

"Muulize! Muulize tu!" Natasha alikuwa akipiga kelele huko.

"Niulizwe nini?" Callixte akasema.

"Hakuna," Lois akajibu, akakata.

Ujumbe uliingia Callixte akiwa mapumzikoni kazini, kule Eden Prairie kwenye ghala la vifaa vya hospitali.

"Callixte nimelia. Natasha anasema unaogopa Arizona kwa sababu huna makaratasi. Kama huna niambie tu, sitakuacha. Tutapambana pamoja mpaka mwisho. Lakini kama ni kitu kingine unanificha, hapo ndipo tutaachana. Uko na papers ama huna? Neno moja."

Alisoma akarudia, na sambusa ikapoa mkononi.

Kusema ukweli kungekuwa rahisi kwa mwanamume mwingine. Lakini Callixte alikumbuka siku moja baada ya ibada, Lois alipomwona Thaddée wa kwaya akifungwa tai na mama yake pale nje. Lois alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo si mume," alisema, "huyo ni mtoto aliyeota ndevu." Callixte naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, huku akijua kadi yake iko wapi.

Miaka thelathini na moja. Ataandika nini? Kadi ninayo, ila anaivaa mama?

Kidole gumba kikaandika chenyewe: "Sina."

Ndiyo, msomaji. Katika mwaka ambao watu wasio na karatasi walikuwa wakiapa kwamba wanazo, mwanamume mwenye karatasi safi alijikana kwa hiari yake, kwa kuogopa kuchekwa.

Jibu la Lois halikuchelewa.

"Asante kwa kuniambia ukweli. Nakupenda hata zaidi. Usi-drive. Nakuja kukuchukua."

Ndipo adhabu ilipoanza. Lois alikuwa nesi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Kuanzia siku ile, kila asubuhi alitoka kazini, hakulala, akapita kumchukua Callixte, akampeleka Eden Prairie ili polisi asije akamsimamisha. Corolla ya Callixte ikabaki kwenye maegesho ikikusanya vumbi. Lois akamnunulia kofia ya Vikings, timu ya Minnesota, aonekane mtu wa hapahapa, na akamkataza Kifaransa dukani.

"Ukitaka maziwa, nyoosha kidole," alimwagiza.

Asubuhi moja walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu kabla ya kuingia barabara ya 169. Taa ikawaka kijani, gari halikuondoka. Callixte alipogeuka, Lois alikuwa amelala na kichwa kimeangukia kwenye usukani, na nyuma magari yanapiga honi.

"Lois! Kijani!"

"Niko macho, niko macho." Akakanyaga mafuta. Walipokwenda kidogo akatabasamu peke yake. "Unajua nini kinanifurahisha? Ulinidanganya mende, ukanidanganya rangi, ukanidanganya ngozi. Lakini kwa ile kitu kubwa, ukasema ukweli. Ndiyo maana nakuamini."

Callixte alivuta kofia ya Vikings mpaka machoni. Alijisikia mwizi. Alifungua mdomo amweleze palepale, na simu ya Lois ikalia. Alikuwa Uncle Gitonga, na Lois akamweka kwenye spika.

"Lois, nimefikiri ile maneno uliniambia ya karatasi," mzee alinguruma kutoka Phoenix. "Hapana! Huku wanasema hata kumbeba kwa gari mtu hana karatasi ni kesi. Nikimtoa huyo kijana airport, ni mimi nitafungwa. Nikifungwa, huyu mbuzi atachinjwa na nani?"

"Basi Uncle, kuja wewe huku."

"Nitakuja. Lakini usipike pilau ya furaha. Nakuja kukwambia hapana tukiangaliana kwa macho. Huyo anatafuta karatasi, hatafuti bibi."

"Mimi nitaolewa naye, Uncle."

"Tutaonana Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Simu ikakatika. Lois aliendelea kuendesha, machozi yanamtiririka bila kelele. Yule mzee ndiye aliyemlipia shule tangu utotoni, na Lois hajawahi kumpinga hata kwa neno.

"Usiogope," alimwambia Callixte, eti yeye ndiye wa kufarijiwa. "Hata akinitoa kwa familia, mimi niko na wewe. Na Jumatatu, Uncle akishaondoka, tunaenda kuona wakili."

Callixte alitamani barabara ya 169 ifunguke immeze, yeye na kofia yake.

Jumatano kabla ya ugeni, redio ya ghalani ikatangaza kwamba jaji wa huko Phoenix ameyasimamisha mafungu makali ya ile sheria, siku moja kabla ya kuanza. Fungu la kutembea na karatasi lilikuwemo. Callixte alirukaruka katikati ya maboksi, akampigia Lois.

"Jaji amesimamisha! Mzee asijisumbue tena!"

"Nimemwambia. Amesema jaji amesimamisha sheria, hajasimamisha ndege. Tiketi hairudishwi, na maswali yake pia hayarudishwi."

Jumamosi ikafika. Sebule ya Lois ilinukia pilau, kwa sababu alipika ya furaha kwa makusudi. Uncle Gitonga aliketi kwenye kiti kikubwa, suti ya kijivu, kofia magotini. Natasha alikuwa akizungusha soda huku masikio yake yakiwa kazini. Callixte aliingia na mama yake, maana hakuna kijana anayekwenda kwa wakwe bila mkubwa. Njiani alikuwa amemwomba jambo moja tu: akae, ale, asiseme.

Salamu zikaenda, maombi yakaombwa, sambusa zikapita. Kisha mzee akakohoa.

"Mama Générose, nakuheshimu sana. Umelea watoto kwa shida. Lakini siwezi kupeana binti ya ndugu yangu kwa mtu hana karatasi. Siku wakimrudisha kwao, Lois atabaki na nani?"

Mama Générose akaacha kutafuna.

"Nani hana karatasi?"

"Huyu kijana wako."

"Huyu?"

"Huyo."

"Nani alisema?"

"Alisema mwenyewe."

Mama akageuka polepole. Callixte alikuwa anaichunguza sambusa yake kwa makini.

"Weye, Callixte. Miye nilitembea na tumbo na batoto usiku na muchana mu pori. Nilipanga foleni mpaka miguu ikavimba. Leo unasema huna karatasi?"

"Mama..."

"Mugeuke!" Mama Générose alisimama. "Bote! Mutazame ukuta!"

Watu wakageuka. Natasha aligeuka, Lois aligeuka, na Uncle Gitonga, mzee wa watu na suti yake, naye akageukia ukuta na kuisoma kalenda ya kanisa. Nyuma yao ilisikika kamba ikifunguliwa, kisha plastiki, kisha plastiki nyingine.

"Sasa mutazame."

Meza ilikuwa imejaa. Kulikuwa na green card za familia nzima. Kulikuwa na kadi ya mgao wa chakula ya kambini, vyeti vya chanjo, cheti cha ubatizo, na hata ripoti ya shule ya Callixte ambayo mwalimu aliandika kwamba mtoto huyu huongea sana darasani. Uncle Gitonga akavaa miwani, akaichukua kadi ya Callixte, akaigeuza, akakaribia kuinusa.

"Hii ni safi," alisema. "Bado ina miaka nane. Mama, umekaa nayo wewe?"

"Tangu posta."

"Na ya hawa watoto wengine?"

"Yote."

"Mama, wacha Arizona. Sheria ya Marekani yenyewe, hata hapa Minnesota, inasema mtu mzima atembee na kadi yake. Umevunjisha hawa watoto sheria miaka yote."

"Habavunje kitu. Banatembea na miye."

Natasha aliangua kicheko akamwaga soda. Lois hakucheka. Alikuwa anamtazama Callixte kwa namna ambayo Callixte hajawahi kutazamwa. Kisha akaweka sahani chini na kutoka nje.

Callixte alimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari.

"Lois..."

"Wiki tatu! Wiki tatu nimekuwa dereva wako! Nimelala kwa taa nyekundu kama mlevi! Nimepigana na Uncle, mtu ambaye amenilea! Na nikakununulia kofia!"

"Ninaipenda ile kofia."

"Nyamaza! Kwa nini, Callixte? Kadi uko nayo!"

"Kadi ninayo, lakini sikai nayo. Nina miaka thelathini na moja na kadi yangu inalala kiunoni kwa mama. Ulicheka Thaddée mpaka ukashika ukuta. Niliona afadhali unionee huruma kuliko unicheke."

Kicheko kilimjia Lois, akakizuia kwa nguvu, na badala yake yakatoka machozi.

"Ungeniambia, ningekucheka siku moja. Sasa umenifanya nilie wiki tatu."

Hilo lilimwingia Callixte kuliko makelele yote. Alisema pole.

Lois alijifuta uso kwa kiganja.

"Rudi ndani. Uombe kadi yako mbele ya watu wote. Ukipewa, ukinyimwa, hiyo si shida yangu. Nataka nione ukiomba."

Walirudi. Callixte akapiga goti mbele ya mama yake.

"Mama, ninaomba kadi yangu. Siombi ya safari. Ninataka kuwa na nyumba yangu, na mutu wa kuwa na nyumba anabeba vitu vyake."

Mama Générose alilainisha kitenge cha ule mfuko kwa vidole.

"Papa yenu alikuwa na karatasi zetu zote mu koti yake," alisema mwishowe. "Siku tulikimbia, alirudi nyumba kuchukua maji. Alienda na koti. Hakurudi. Kule mu kambi baliniuliza, hawa batoto ni bako? Nikasema njo bangu. Banasema onyesha. Sikuwa na kitu ya kuonyesha. Batoto banalia mama, mama, na batu banasema leta karatasi. Njo pale niliapa, karatasi hazitatoka tena ku mwili yangu."

Callixte alijua baba yake alipotea njiani. Habari ya koti hakuwahi kuisikia. Aliuinamisha uso wake magotini kwa mama na kulia, na hakuona aibu tena, mbele ya wakwe wala mbele ya Natasha. Uncle Gitonga aliivaa kofia yake, akaivua tena.

"Chukua, papa," mama akasema, akamwekea kadi kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. "Lakini chunga."

"Nitachunga, mama."

Mzee akakohoa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa mimi niko na neno. Kijana ni mwongo, hiyo nimeona. Lakini ni mwongo wa kijinga, hatadanganya akafaulu. Na mtu mwenye mama kama huyu hatapotea. Lois, ile pilau ya furaha iko wapi?"

Vigelegele vya Natasha vilisikika mpaka kwa majirani. Chakula kikaletwa, watu wakala, wakapanga harusi ya Oktoba, na mbuzi wa Phoenix akaongezewa miezi ya kuishi. Walipomaliza, Uncle Gitonga akanyoosha mkono.

"Hebu niangalie tena hiyo kadi, niandike jina yako vizuri kwa barua nitaandikia wazee wa nyumbani."

Callixte akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa suruali, mbele na nyuma. Akasimama, akajikung'uta, akatazama chini ya kiti. Mama Générose alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kwa maombi.

Lois akainua sahani ya Callixte. Kadi ilikuwa chini yake, imegandwa na punje ya pilau. Akaifuta kwa kitambaa, akamwonyesha mzee, kisha taratibu akaiingiza kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Lakini Lois," Callixte akalalamika, "ulisema..."

"Nilisema uombe. Sikusema ukae nayo."

"Na sheria, je?" Uncle Gitonga akauliza. "Si anatakiwa atembee na kadi yake?"

"Atatembea na mimi."

Mama Générose akafumbua macho. Alimtazama Lois, akautazama ule mkoba na zipu yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, kicheko kikubwa cha tumbo kilichomtingisha mpaka mabega.

"Njo huyu," alisema. "Sasa nimekuachia mutoto, binti yangu."

Akakusanya karatasi zilizobaki, akawaamuru wote wageukie ukuta tena, akaufunga mfuko wake ambao sasa ulikuwa mwepesi kidogo, kisha akaomba aongezewe pilau.